Viashiria vya Kabohaidreti katika Uchunguzi wa Tishu za Sarkoma ya Kaposi: Mtazamo wa Kihistoria

Mwaka 1872, mjini Vienna, Moritz Kaposi aliandika habari za wagonjwa watano wenye vivimbe vya kahawia na zambarau katika ngozi. Aliuita ugonjwa huo sarkoma ya rangi, kwa kuwa aliiona kahawia ile kuwa alama yake kuu. Baadaye ilibainika kuwa rangi hiyo hutokana na chuma cha damu iliyovuja ndani ya tishu. Swali gumu zaidi lilibaki: seli zenyewe, nyembamba na zilizochongoka ncha zote mbili, asili yake ni nini? Makala haya yanafuatilia jinsi swali hilo lilivyoulizwa kwa njia ya sukari. Hoja yetu ni kwamba sukari ilitoa nusu ya jibu, na nusu hiyo haistahili kupuuzwa.

Vitabu vya Ulaya viliuhesabu ugonjwa huu kuwa adimu. Uadimu huo ulikuwa wa Ulaya. Nchini Uganda na mashariki ya Kongo, madaktari waliukuta mara nyingi kiasi kwamba mwaka 1961 kongamano la kimataifa kuuhusu lilifanyika Makerere. Huko pia asili ya seli ilijadiliwa.

Chombo kipya kilitoka katika mimea. Mwaka 1888, huko Dorpat, Hermann Stillmark alionyesha kwamba dondoo ya mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo, hugandamanisha chembe nyekundu za damu. Protini za namna hiyo ziliitwa lektini, kwa neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua, kwani kila moja huchagua sukari yake. Mwaka 1952 Winifred Watkins na Walter Morgan walitumia ute wa damu ya mkunga kuonyesha kwamba sukari iitwayo fukosi ni sehemu ya alama ya kundi la damu O. Lektini ya Ulex europaeus, kichaka cha miiba cha jamii ya kunde, huishika fukosi hiyo hiyo.

Mwaka 1982 Harry Holthöfer na wenzake, Helsinki, walitangaza kwamba lektini hiyo hushika seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu ya binadamu, bila kujali kundi la damu la mtu. Mwaka uliofuata ilipelekwa kwenye vivimbe vya mishipa. Wakati ulikuwa mzito: sarkoma ya Kaposi ilikuwa imeanza kuonekana kwa vijana wa Marekani, na punde kidogo madaktari wa Zambia wakaeleza aina yake kali. Kujua chanzo cha seli hakukuwa tena suala la wanazuoni peke yao.

Majibu hayakulingana. Mishipa ndani ya kivimbe ilishikwa vizuri. Seli zilizochongoka mara zilishikwa, mara hapana. Isitoshe, lektini hiyo hushika pia baadhi ya seli za tabaka la juu la ngozi, hivyo msomaji wa kioo asiye mwangalifu angeweza kupotoka. Hata hivyo, ilielekeza macho kwenye ukoo wa mishipa, na katika saratani nyingine adimu ya ngozi, anjiosarkoma, mara nyingi iling'amua seli ambazo kingamwili za wakati huo zilizikosa.

Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kinachohusika. Mwaka 2002 kingamwili D2-40, inayotambua protini iliyosheheni sukari katika mishipa ya limfu, ilionekana kuzishika seli zile zilizochongoka. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kigugumizi cha Ulex kinapoeleweka: seli hizo zilikuwa na sura ya limfu kuliko ya damu, na lektini ile ilikuwa imezoea damu. Leo mpatholojia hutafuta protini ya kirusi ndani ya kiini cha seli, na vioo vya miaka ya 1980 vilivyoandikwa "hasi" vinangoja kusomwa upya.