Bango la Kisiasa la Vikundi vya Wasanii

Bango la kisiasa ni karatasi yenye picha na maneno machache, inayobandikwa hadharani kutetea msimamo. Bango la kikundi cha wasanii wanaharakati hutofautiana na la chama au serikali kwa sifa mbili: hubuniwa kwa mashauriano, na aghalabu halina saini ya msanii mmoja.

Kwa mbinu ya uchapaji, aina kuu ni mbili. Katika chapa ya linoleo, mchoro huchongwa kwa kisu, na sehemu zilizoachwa juu hupakwa wino. Mistari hutoka minene, nyeusi na nyeupe zikipambana. Ndiyo mbinu iliyotumiwa sana na Taller de Gráfica Popular, kikundi kilichoanzishwa Mexico City mwaka 1937 na Leopoldo Méndez, Pablo O'Higgins na Luis Arenal. Katika chapa ya skrini, kitambaa chembamba huwambwa kwenye fremu, sehemu zisizohitaji wino huzibwa, kisha wino husukumwa kwa ubapa wa mpira upenye kwingineko. Kila rangi huhitaji mpito wake. Vifaa ni rahisi na kazi ni ya haraka. Kwa sababu hiyo karakana ya Atelier Populaire ya Paris iliitegemea wakati wa maandamano ya Mei 1968, michoro ikijadiliwa kwanza na mkutano wa wanafunzi na wafanyakazi.

Sehemu za bango ni picha, kaulimbiu na rangi. Bango la Judy Seidman la mwaka 1981, lililotolewa na Medu Art Ensemble ya Gaborone, Botswana, lina mwanamke anayekata minyororo. Kaulimbiu yake inatokana na wimbo wa maandamano ya wanawake mjini Pretoria, tarehe 9 Agosti 1956.

Kwa kazi, yapo mabango ya kuhamasisha, ya kuadhimisha na ya kutangaza mikutano. Bango moja huweza kufanya kazi zote tatu.

Usambazaji hutegemea hatari iliyopo. Mabango ya Paris yalibandikwa mitaani. Ya Medu yalivushwa mpaka kwa siri hadi Afrika Kusini, iliyokuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Tarehe 14 Juni 1985 jeshi la Afrika Kusini lilivamia Gaborone na kuua watu 12, akiwemo Thami Mnyele, msanii wa Medu. Kikundi kilikoma, lakini nakala zilizosalia zimehifadhiwa, na mwaka 2019 Art Institute of Chicago iliziandalia maonyesho.