Kima cha Chini cha Mshahara na Mipaka ya Maafikiano ya Wanauchumi, 1979–2013

Mwaka 1979 jarida la American Economic Review lilichapisha matokeo ya hojaji iliyopelekwa kwa wanauchumi wa Marekani. Miongoni mwa kauli walizopewa ni kwamba kima cha chini cha mshahara huongeza ukosefu wa ajira kwa vijana na wasio na ujuzi. Takriban asilimia 90 waliikubali. Takwimu hiyo ilinukuliwa kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba mjadala umefungwa, ilhali sehemu ya hao 90 walikubali kwa masharti. Takwimu ilisafiri, masharti yalibaki nyuma.

Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, huku jirani yake Pennsylvania ikibaki palepale. David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa 410 ya vyakula vya haraka katika pande mbili za mpaka, kabla na baada ya ongezeko. Makala yao ya 1994 haikuona ajira ikipungua New Jersey. David Neumark na William Wascher walipinga, wakitegemea kumbukumbu za malipo za migahawa badala ya mahojiano ya simu. Mwaka 2000 pande hizo zilijibizana katika jarida lilelile. Yafaa kuzingatia kwamba kilichobishaniwa hapo hasa ni ubora wa data. Nadharia yenyewe ilikuwa na nafasi kwa matokeo yote mawili: tangu 1933 Joan Robinson alikwisha kuchambua soko ambamo mwajiri ana nguvu ya kupanga ujira.

Mwaka 2013 jopo la wanauchumi mashuhuri lililoratibiwa na Chuo Kikuu cha Chicago liliulizwa iwapo kima cha dola 9 kingewawia vigumu, kwa kiasi cha kuonekana, wasio na ujuzi kupata kazi. Thuluthi moja hivi walikubali, na karibu idadi hiyohiyo walikataa. Wengi hudai kwamba taaluma iligeuka. Hata hivyo, hojaji ya 1979 iliuliza kama athari ipo. Ya 2013 iliuliza kama athari inaonekana. Sehemu ya mgeuko huo imo katika maneno ya swali, na mshauri wa sera anayenukuu asilimia bila swali lake hunukuu nusu ya ushahidi.

Card alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, miaka miwili baada ya kifo cha Krueger. Kiwango ambacho kima kikikipita huanza kupunguza ajira bado kinabishaniwa.