Gundi ndiyo iliyokiokoa kioo cha mbele

Magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalifungwa kioo kilekile cha madirisha ya nyumba. Gari likigonga, kioo kilivunjika vipande virefu vyenye ncha, vikawachana waliokaa mbele uso na koo.

Mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus, mkemia aliyekuwa pia mchora nakshi, aliangusha chupa ya maabara. Ikajaa nyufa lakini haikusambaratika, kwa kuwa ndani yake ulikuwa umekaukia utando wa nitrati ya selulosi. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na kisa hicho kimetiwa chumvi nyingi tangu hapo. Lisilo na ubishi ni kwamba mwaka 1909 alipata hataza ya vioo viwili vilivyobanana na utando katikati. Akakiita Triplex.

Wenye viwanda vya magari hawakukikimbilia, kilikuwa ghali. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyokipa soko, kwenye macho ya barakoa za kuzuia gesi ya sumu. Ford alikifanya kioo cha mbele cha kawaida katika Model A mwishoni mwa 1927.

Tatizo lilikuwa gundi. Selulosi ilipigwa na jua ikageuka njano, na dereva akawa anaitazama barabara kama kupitia chupa ya mafuta ya kula. Dawa ikapatikana mwishoni mwa miaka ya 1930: plastiki ya polivinili butirali, isiyofifia na inayovutika. Hata hiyo ilikuwa nyembamba mno. Kichwa kiliweza kuitoboa, na kingo za tundu zikaizunguka shingo. Magari ya Marekani ya 1966 yakaanza kuwekewa utando mnene zaidi, wa milimita 0.76, unaokidaka kichwa badala ya kukipitisha.

Vioo vya pembeni vilishika njia nyingine kabisa. Mfaransa mwingine, François Royer de la Bastie, alipata hataza mwaka 1874 ya kukipasha kioo moto kisha kukizamisha kwenye mafuta. Siku hizi kioo hupashwa zaidi ya nyuzi 600 na kupulizwa hewa baridi. Nje hupoa kwanza, ndani hubaki pakivuta, na mvutano huo hukiimarisha mara nne au zaidi. Kikivunjika, chote huwa punje butu kwa mpigo.

Waingereza walikitumia hata mbele kwa miongo mingi, uamuzi ambao mimi naona ulikuwa wa kubana matumizi tu. Jiwe moja liliweza kukigeuza cheupe chote mbele ya dereva aliye mwendoni, akalazimika kukitoboa kwa ngumi ili aone njia.

Sasa baadhi ya magari mapya yana kioo chenye utando hata milangoni, kupunguza kelele na kuwachelewesha wezi. Kinyundo cha dharura, ambacho hukisambaratisha kioo cha kupashwa moto mara moja, hapo huacha nyufa tu. Aina ya kioo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona yake.