Wewe Ni Nani Hata Ushtaki?

Wahenga walinena, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mwezi wa Desemba 1989, katika jiji la Nairobi, mama mmoja alikuwa mbele ya mahakama akiidai haki hiyo. Alijibiwa kwa maneno mazito ya kisheria. Lakini ukiyavua maneno yale joho lake, maana yake ilikuwa hii tu: wewe ni nani hata ushtaki?

Mama huyo alikuwa Profesa Wangari Maathai, na alichokuwa akikitetea ni uwanja, tena si uwanja wa babake. Ulikuwa uwanja wa kila mtu, yaani Uhuru Park.

Bustani hiyo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ukitoka katikati ya jiji ukavuka barabara ya Uhuru Highway, umefika. Katika miaka ile ya themanini, Jumapili ilikuwa siku ya familia. Baba na mama walitoka mitaa ya Eastlands na watoto waliovalishwa viatu vipya, wakapanda mashua kwenye kile kiziwa, wakapigwa picha. Siku za kazi bustani ilikuwa ya watu wa aina nyingine. Saa ya chakula cha mchana ilipogonga, yule asiyekuwa na pesa ya chai alijilaza kwenye nyasi akala hewa, huku mhubiri akimmwagia neno bila malipo. Hakuna aliyemwuliza ana kazi gani. Katika jiji ambamo hata kusimama mahali bila shughuli kulikuwa kosa, hilo halikuwa jambo dogo.

Basi mwaka 1989 habari zikavuja. Pale pale bustanini palikuwa pajengwe jumba la ghorofa 60, refu kuliko yote barani Afrika. Wenye mradi walikuwa shirika la Kenya Times Media Trust, ubia wa chama tawala cha KANU na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Ndani mngekuwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti, kumbi, maduka, na maegesho ya magari 2,000. Nje ingesimama sanamu ya Rais Daniel arap Moi. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 200 hivi, na sehemu kubwa ilikuwa ya kukopa. Jumba la KICC, ambalo sote tulilelewa tukiambiwa ndilo fahari ya jiji, lingeonekana kama mtoto aliyesimama kando ya babake.

Hebu tujiulize: bustani iliyochorwa katika ramani ya jiji kuwa mahali pa kupumzikia inageukaje kuwa kiwanja cha biashara? Mtu atadhani kuna mkutano mkubwa unaoitishwa, wenyeji wanaulizwa, wanapiga kelele, wanakubali au wanakataa. Lakini wapi! Kumbuka kwamba baraza la jiji lilivunjwa mwaka 1983, na tangu hapo hadi 1992 Nairobi ikaendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali. Mkaazi hakuwa na diwani wa kumshika shati. Kubadilisha matumizi ya ardhi kukawa kazi ya kalamu na mhuri, afisini, mlango ukiwa umefungwa. Mwananchi alijua siku alipoona ua la mabati.

Wangari Maathai hakuwa na bunduki wala kiti bungeni. Alikuwa na karatasi. Akaandika barua kwa wenye gazeti, kwa afisi ya rais, kwa tume ya jiji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kwa balozi wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa nyepesi hata mtoto wa shule angeielewa: je, mngethubutu kujenga mnara kama huo katikati ya bustani ya Hyde Park kule London? Na kama hamwezi huko, kwa nini hapa?

Jibu lilitoka bungeni mwezi wa Novemba. Waheshimiwa walisimama mmoja baada ya mwingine, si kujibu hoja, bali kumjadili mwenye hoja. Ati ni mwanamke aliyeachwa. Ati yeye na wenzake wa Green Belt Movement ni kundi la wanawake walioachika. Ndivyo ilivyo, msomaji: mtu akikosa jibu la swali humgeukia muulizaji. Siku chache baadaye jembe la kwanza likapigwa ardhini.

Ndipo akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Mahakama haikufika hata kwenye kulizungumzia jumba. Iliona kwamba mlalamishi hakuonyesha haki yake mwenyewe iliyovunjwa, wala hasara yake mwenyewe iliyotokana na mradi. Hakuwa na jirani aliyembomolea ukuta. Mali ya umma, kwa fikira za sheria ya wakati ule, ilikuwa na msemaji mmoja, naye ni Mwanasheria Mkuu. Na Mwanasheria Mkuu alikuwa wa serikali, serikali ilikuwa ya chama, na chama ndicho kilichokuwa kikijenga. Kesi ikatupwa. Siku ya Jamhuri, rais akahutubia pale pale Uhuru Park akasema kwamba mwanamke wa mila za Kiafrika angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt nayo ikafukuzwa katika afisi yake ya serikali kwa notisi ya saa 24.

Kwa hesabu za kawaida, hadithi ingeishia hapo. Lakini barua ni kama mbegu, hujui itamea wapi. Wananchi wengine walianza kuandika magazetini. Wasanifu majengo nao wakauliza maswali. Huko ng'ambo wenye fedha wakashtuka: nchi inayoomba misaada inakopaje mamilioni kujenga mnara na sanamu? Mapema mwaka 1990 mradi ukapunguzwa, kisha ukafa kimyakimya. Februari 1992 lile ua likang'olewa.

Sasa tazama nyasi zile zilifanya nini baada ya kuokolewa. Mwezi huohuo wa Februari 1992, akina mama waliokuwa na wana wao gerezani kwa sababu za kisiasa walikuja kuketi kwenye kona ya bustani hiyo, wakagoma kula. Polisi waliwapiga. Lakini nchi iliwaona, na kona ile ikaitwa Freedom Corner, Kona ya Uhuru. Wana wengi wakafunguliwa. Je, lingalikuwapo jumba la chama, wangeketi wapi? Kwenye maegesho?

Wengine nao walijifunza. Mwaka 1991 tume ya jiji ilitaka kuifanya bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma na A. M. Jeevanjee tangu 1906, kuwa maegesho ya magari ya ghorofa kadhaa. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani. Magari yakakosa nafasi, watu wakabaki na viti vyao. Mwaka 1999 ikawa zamu ya msitu wa Karura, na damu ikamwagika kabla ya wenye vipande vya ardhi kurudi nyuma.

Polepole sheria nayo ikafungua masikio. Sheria ya mazingira ya 1999 ilisema mtu anaweza kushtaki kwa ajili ya mazingira bila kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Katiba mpya, katika kifungu cha 70, ikalirudia neno hilo. Na katiba hiyo ilizinduliwa wapi tarehe 27 Agosti 2010? Uhuru Park, msomaji. Juu ya nyasi zilezile. Lile swali la 1989 lilipata jibu lake mahali lilipoulizwa.

Usije ukalala, lakini. Katiba haichungi bustani, watu ndio wachungaji. Mwaka 2019, barabara ya juu kwa juu ilipochorwa ikimega ukingo wa bustani hii, ilibidi sauti zipazwe tena ndipo mchoro ukarekebishwa. Na mitaani mambo huanza kwa udogo. Utaona kibao kimepigwa msumari kwenye lango la kiwanja, maandishi madogo, kikisema kwamba mwenye kiwanja anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi, na mwenye pingamizi aandike. Wengi hukipita wakikimbilia matatu. Simama ukisome. Kisha kanunue karatasi. Na atakayekuuliza wewe ni nani, mwambie wewe ni mtu unayepita hapa kila siku. Zamani hiyo haikuwa hoja. Siku hizi inatosha.