Timu iliyokosa nyumbani: Sierra Leone, Ebola na medali yetu ya 2015

Wapenzi wa mpira wa Bule, Fataki na Bunia wanaikumbuka vizuri Kombe la Afrika la mwaka 2015. Robert Kidiaba alirukaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima, Leopards wakapindua mechi dhidi ya ndugu zetu wa Brazzaville kutoka 0-2 hadi 4-2, na mwisho wakarudi na medali ya shaba. Lakini ni wachache wanaokumbuka Leopards walipitia wapi ili kufika kule. Katika mechi za kufuzu walipata pointi tisa. Pointi tatu walizitoa Abidjan, siku ile walipoifunga Ivory Coast 4-3. Sita zilizobaki walizipata kwa timu moja tu, Sierra Leone, ambayo katika kundi lile haikucheza hata mechi moja katika nchi yake.

Habari ya timu ile ni vizuri isimuliwe hapa kwetu. Sehemu yake ilitokea Lubumbashi, na watu wa Ituri, hasa wanaoishi kambini, hawatahitaji kuelezwa kwa maneno mengi wachezaji wale walisikia nini moyoni.

Mwaka 2014 Ebola iliingia Sierra Leone ikitoka nchi jirani ya Guinea. Ilianzia upande wa mashariki, Kailahun na Kenema, halafu ikafika mji mkuu, Freetown. Mwisho wa mwezi wa saba serikali ilitangaza hali ya hatari. Siku zile zile timu yao ya taifa ilikuwa imeshaifunga Seychelles 2-0 kwa Freetown, na ilikuwa tayari kwenda kucheza mechi ya marudio. Seychelles wakakataa kuwapokea. Waliona ni afadhali kupoteza mechi mezani kuliko kufungulia mlango timu kutoka nchi yenye Ebola. Basi Sierra Leone wakasonga mbele bila kugusa mpira, na huo ukawa mwanzo wa safari yao ngumu.

Mwezi wa nane, CAF ikakataza mechi za kimataifa kuchezwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Kwa upande wa afya hakuna wa kulaumu uamuzi huo. Kukusanya maelfu ya watu uwanjani wakati ugonjwa unatembea nyumba kwa nyumba ingekuwa ni kuuita. Lakini kwa timu maana yake ilikuwa hii: mechi zote sita za kundi zingechezwa ugenini. Hata zile tatu zilizoandikwa kwenye karatasi kwamba Sierra Leone ni wenyeji, zilichezwa kwa wapinzani wenyewe: Lubumbashi, Yaoundé na Abidjan. Mwenyeji alikuwa anaingia uwanjani na kukuta kila kiti kimekaliwa na mashabiki wa mgeni wake.

Je, wachezaji wale walikuwa nani? Ligi ya nyumbani ilikuwa imesimamishwa, kwa hiyo timu ikaundwa na wanaocheza nje tu, Ulaya na Marekani. Hata yule aliyekuwa Freetown mwezi wa saba kwa mechi ya Seychelles, kufikia mwezi wa tisa siku zake 21 zilikuwa zimepita zamani. Wengine walikuwa hawaishi Sierra Leone tangu utoto. Michael Lahoud, kiungo, alikimbia vita vya Sierra Leone akiwa mtoto wa miaka sita akakulia Marekani. Kei Kamara, mshambuliaji, ni mzaliwa wa Kenema; na yeye alikimbia vita vile vile, akapita Gambia kabla ya kupokelewa Marekani kama mkimbizi. Hawa ni watu waliokwisha kuhama makwao mara moja kwa ajili ya bunduki. Mwaka 2014 wakakatazwa nyumbani mara ya pili, sasa kwa ajili ya ugonjwa.

Tarehe 6 mwezi wa tisa walifungwa 2-1 huko Abidjan. Siku nne baadaye, tarehe 10, wakacheza na Leopards kwenye uwanja wa TP Mazembe, Kamalondo, Lubumbashi. Leopards walishinda 2-0. Wachezaji wa Sierra Leone walisimulia baadaye kwamba sehemu ya mashabiki iliwaimbia neno moja tu: « Ebola! Ebola! »

Hapo inabidi tusimame kidogo. Ebola ni jina la mto wa Congo. Ugonjwa ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1976 huko Yambuku, kwetu, na waganga waliupa jina la mto ulio upande ule. Tena mwaka ule ule wa 2014, mwezi wa nane, wiki chache tu kabla ya mechi, serikali ya Kinshasa ilikuwa imetangaza Ebola Boende, katika Équateur. Watu 66 waliugua kule na 49 wakafa. Kwa maneno mengine, siku ile Lubumbashi, nchi iliyokuwa inaimba ilikuwa na wagonjwa wake, na mwanzo wa jina lenyewe ni kwake. Kama Sierra Leone wangekuwa na mashabiki uwanjani, wangeweza kuimba neno lile lile na wasingekosea.

Wengine watasema huo ni utani wa uwanja, shabiki anatafuta neno la kumtoa mpinzani mchezoni. Ni kweli shabiki hana huruma. Lakini kuna utani unaoishia kwenye filimbi ya mwisho na kuna ule unaomfuata mtu hadi hotelini, hadi kiwanja cha ndege, hadi kazini. Mchezaji mmoja wa Sierra Leone aliporudi Ugiriki kutoka mechi za mwezi wa kumi, klabu yake ilimwambia asikanyage mazoezini kwa siku 21. Alikuwa anatoka Yaoundé, Cameroon, ambako hakukuwa na Ebola. Jina la nchi iliyoandikwa kwenye jezi yake lilitosha.

Waganga walikuwa wanasema nini wakati huo? Mambo ambayo kila nyumba ya Bunia iliyajua baadaye: Ebola inapita kwa kugusa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa, au maiti. Haisafiri hewani kama mafua. Mtu ambaye hajaanza kuonyesha dalili haambukizi. Dalili zinaweza kuchukua siku 2 hadi 21 kutokea. Kwa hesabu hiyo, kijana anayeishi Ulaya, ambaye hana homa na hajamgusa mgonjwa, hakuwa hatari kwa mtu yeyote wa Lubumbashi. Na hakuna mchezaji hata mmoja wa timu ile aliyekutwa na Ebola.

Woga wenyewe tusiucheke. Sierra Leone peke yake iliandika wagonjwa zaidi ya 14.000 na wafu karibu 4.000. Kwa Afrika Magharibi yote wafu walipita 11.000. Mzazi anayemkataza mtoto wake kushikana mkono na mgeni katika hali ile si mtu mbaya. Shida inaanza pale woga unapoacha kuangalia mwili wa mtu, kama ana homa au hana, na kuanza kuangalia kadi yake na lugha yake.

Mwezi wa kumi wakaenda Yaoundé kucheza na Cameroon mara mbili ndani ya siku tano. Waliwekwa katika hoteli isiyokuwa na wageni wengine. Walipimwa joto mara kadhaa kwa siku. Tarehe 11 walitoka sare 0-0, na hiyo ndiyo pointi moja pekee waliyoipata katika kundi lote. Ni pointi inayostahili heshima, kwa sababu Cameroon ndiyo iliyomaliza kundi ikiwa ya kwanza. Tarehe 15 wakafungwa 2-0.

Kocha wao wa mechi mbili za kwanza, Johnny McKinstry kutoka Ireland ya Kaskazini, kijana wa miaka 29, alikuwa ameshafukuzwa baada ya Lubumbashi. Jina hilo si geni katika sehemu zetu. Alikuja kufundisha Rwanda, na ndiye aliyekuwa kwenye benchi la Amavubi siku Leopards walipowatoa kwenye CHAN huko Kigali mwaka 2016. Baadaye akafundisha Uganda. Kumfukuza kocha ambaye hana uwanja, hana ligi na hana nafasi ya kukaa na wachezaji wake ni rahisi. Aliyemfuata hakuushinda mwaka ule pia: mwezi wa kumi na moja Sierra Leone ilipigwa 5-1 Abidjan, halafu 3-1 na Leopards.

Wakati huohuo mashindano yenyewe yalikuwa yanatafuta nyumba. Morocco, iliyotakiwa kuyapokea mwezi wa kwanza 2015, iliomba yasogezwe mbele kwa ajili ya Ebola. CAF ikakataa, Morocco ikakataa pia, na tarehe 14 mwezi wa kumi na moja mashindano yakapelekwa Equatorial Guinea, zikibaki wiki tisa tu. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Guinea, moja ya nchi tatu zilizoumizwa zaidi na Ebola, ilikuwa inachezea mechi zake za « nyumbani » Casablanca, ndani ya Morocco hiyo hiyo. Kule Casablanca ndiko Guinea iliwafunga jirani zetu Uganda 2-0 na kuwatoa nje. Wakongomani walio ng'ambo ya Ziwa Albert, kwenye kambi za Uganda, huenda bado wanasikia malalamiko ya mechi hiyo. Guinea wakaenda hadi robo fainali, tena kwa kupigiwa kura na Mali, kwa sababu walikuwa sawa kwa kila kitu.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba Ebola peke yake ndiyo iliyoiangusha Sierra Leone. Guinea walipitia shida ile ile na wakafuzu. Tofauti ni kwamba Guinea walipata mahali pamoja pa kukaa, pasipo pa mpinzani wao, wakapazoea. Sierra Leone waliishi kwa begi. Mtu aliyehamahama kambi tatu ndani ya mwaka mmoja ataelewa tofauti hiyo haraka kuliko mchambuzi wa mpira.

Leopards walimaliza wa tatu katika kundi, wakafuzu kama timu bora kati ya zile za nafasi ya tatu. Iliyobaki mnaijua. Tarehe 7 mwezi wa pili 2015, Malabo, waliwashinda wenyeji kwa penalti 4-2 baada ya 0-0, wakavaa shaba. Ilikuwa furaha ya haki na vijana wa Florent Ibenge waliifanyia kazi. Lakini ile mechi ya kwanza ingechezwa Freetown, mbele ya watu wa Freetown, hesabu ya pointi tisa isingekuwa rahisi namna ile.

Miaka minne haikupita Lubumbashi bila zamu kutufikia sisi. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, ikaingia Ituri: Mambasa, Mandima, Komanda, Tchomia, hadi Bunia. Ilichukua karibu miaka miwili kuisha, na iliua watu 2.287. Ilikuja wakati familia za Djugu zilikuwa zimeshaanza kukimbia mauaji na kujaa Bunia na kuvuka ziwa. Bariera ziliwekwa, ndoo za maji ya dawa, na kile kipimo cha joto kinachoelekezwa kwenye paji la uso. Na pamoja na kipimo likaja swali: unatoka wapi? Kwa mtu aliyekwisha kukimbia kwa sababu ya jina la kijiji chake, swali hilo halikuwa la afya tu. Sasa sisi ndio tulikuwa timu ya kijani, nyeupe na bluu katikati ya Kamalondo.

Kitu kimoja kilikuwa kimebadilika. Chanjo iliyojaribiwa Guinea mwaka 2015, katika ugonjwa ule ule uliowafukuza wachezaji nyumbani, ndiyo waliyochomwa watu wa Mambasa na Bunia. Watu wa Guinea walikubali kuijaribu wakati bado haijajulikana kama inafaa.

Sierra Leone walipata tena kucheza Freetown mwaka 2016. Hata mwezi wa tisa 2015 walikuwa bado wanawapokea Ivory Coast huko Port Harcourt, Nigeria. Ikawachukua miaka mingine hadi kufuzu Kombe la Afrika, mara ya kwanza tangu 1996. Mashindano yalichezwa Cameroon, nchi ile ya hoteli tupu. Tarehe 11 mwezi wa kwanza 2022, Douala, walitoka 0-0 na Algeria, mabingwa wa Afrika. Golikipa Mohamed Kamara aliokoa kila kilichokuja, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi, akalia machozi mbele ya kamera. Klabu yake wakati huo ilikuwa East End Lions, ya Freetown.