Saio na Tabora: majina ya vita yenye tunataja kila siku

Wakaaji wengi wa Bukavu wanajua kambi ya Saio. Lakini Saio ni wapi? Ni mji wa magharibi ya Ethiopia, wenye leo unaitwa Dembi Dolo. Katika vita ya pili ya dunia, askari Wakongomani wa Force Publique walipita Sudani, wakapanda ile milima na njaa na magonjwa. Tarehe 3 Julai 1941, jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwao.

Mbele ya hapo, tarehe 19 Septemba 1916, Force Publique iliingia Tabora, katika Tanzania ya leo, kisha kupigana na Wajerumani. Wapagazi walibeba chakula na risasi ku kichwa. Walikuwa wengi kupita askari, na maelfu walikufa.

Vitabu vilichunga zaidi majina ya maofisa Wabelgiji. Mu Juni 2022, mfalme Philippe alimuvalisha medali mzee Albert Kunyuku kule Kinshasa. Alipigana Burma, medali ilimukuta na miaka 100.

Kwa mwenye kutaka kutembelea, Tabora ndiyo karibu: kutoka Kalemie unavuka ziwa mpaka Kigoma, halafu reli inaenda Tabora. Lakini ukumbusho unaanzia nyumbani. Kama babu alikuwa askari ao mpagazi, andika jina lake, kijiji chake na kwenye alipigana. Medali, picha na kitabu cha jeshi visitupwe. Wazee wenye kujua wanabaki wachache.