Neno "Atomu" na Safari ya Maana Yake

Miongoni mwa istilahi za sayansi zinazowatatiza wafasiri na walimu wetu, neno "atomu" lina historia yenye mafunzo mengi. Asili yake ni Kiyunani, na maana yake ya awali ni "kisichokatika". Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Democritus alishikilia kwamba mtu akigawa kitu mara kwa mara, hatimaye atafikia chembe isiyogawanyika tena.

Tuchukue mfano wa Inyonga, mkoani Katavi, ambako ufugaji wa nyuki ni kazi ya jadi. Mwalimu wa huko aweza kuwapa wanafunzi donge la nta, akawaambia waligawe nusu, kisha nusu ya nusu, hadi jicho lishindwe kuona. Leo twajua kwamba mgawanyo huo, ukiendelea, hufikia molekuli. Nayo molekuli ikivunjwavunjwa, nta si nta tena, bali hubaki atomu za kaboni, haidrojeni na oksijeni.

Mwaka 1808 John Dalton wa Uingereza alianza kuchapisha kitabu kilichoeleza kwamba kila elementi ina atomu zenye uzito wake maalumu. Yeye pia aliamini kuwa hazigawanyiki. Lakini mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni, iliyo ndogo kuliko atomu. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alieleza kwamba karibu uzito wote wa atomu umo katika kiini kidogo mno. Na mwaka 1932 James Chadwick aligundua nyutroni. Mwaka 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipata ushahidi kwamba kiini cha urani hupasuka. Mwaka 1945 Hiroshima iliteketezwa kwa bomu ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kisichokatika kilikuwa kimekwisha katika.

Hapa ndipo penye funzo. Lau tungalitafsiri maana ya Kiyunani, tungalikuwa na istilahi inayokanusha somo lenyewe. Neno la kukopa halikufungwa na fikra ya kale, hivyo limeweza kufuata elimu ilikokwenda. Kuliacha na kusema "chembe" tu hakutoshi, maana elektroni nayo ni chembe, na ya mchanga ni chembe vilevile. Sheria ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania nayo imelipa neno hili nafasi katika lugha ya serikali.

Hata hivyo, fasili ya kale haijatoweka midomoni mwetu. Mtoto akifundishwa shule ya msingi kwamba atomu haigawanyiki, atafika sekondari na kukuta somo hilo linapinduliwa, tena kwa Kiingereza. Naye atadhani kosa ni la Kiswahili. Kwa hiyo twapendekeza fasili hii: atomu ni sehemu ndogo kabisa ya elementi inayohifadhi tabia za kikemia za elementi hiyo. "Chembe" libaki neno la jumla, na "kiini" liwe la kitovu cha atomu.